Jenerali Aliyejificha Kwenye Maharage

Nimestaafu. Neno hilo mjukuu wangu Zuhura analipenda kuliko mimi. Mimi nasema nimekabidhi rimoti. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha mikanda ya video hapa Soni. Nilianza miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango hadi mtu wa mlimani akaweza kumiliki deki, na nimeifanya mpaka magoti yaliposema basi. Ninyi vijana mnaoonyesha sinema kwa flashi mmekalia viti vya plastiki, daftari hili ni lenu. Nilichopata sitakitaja, hakiwahusu. Cheo sikuwahi kupandishwa, kwa sababu nilianza nikiwa mkubwa wa kazi na nimemaliza nikiwa mkubwa wa kazi. Nitawaeleza habari za vifaa, za fundi wangu, na jinsi nilivyokipigania chumba hicho mnachokalia kwa harage moja. Elimu yangu ni darasa la nne, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha asahihishe kimoyomoyo.

Mume wangu, Baba Asha, alikuwa dereva wa lori la mboga. Alishuka Dar es Salaam na kabichi na kurudi na chochote kilichomvutia macho. Siku moja alirudi na televisheni yenye mgongo kama wa ng'ombe, deki, na sanduku la mikanda, vyote kauziwa na mtu aliyekuwa anahama nyumba.

"Mama Asha," akasema, "tumepata kideo."

"Na mwendeshaji ni nani?"

"Mimi si niko barabarani?"

Basi hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Nilikodi chumba kando ya barabara, karibu na gulio, kwa sababu kwangu kule juu umeme ulikuwa haujafika. Siku ya kwanza watu walijaa hadi mlangoni. Nikachomeka waya, nikasukuma mkanda, deki ikautema. Nikausukuma tena, ikautema tena. Kukataa kwake kulikuwa kwa mtoto asiyetaka uji. Watu wakaanza kunipa pole, na hakuna kinachoniudhi kama kupewa pole. Ndipo akaingia Kibwana, fundi redio wa kibaraza cha mbele yangu, mzee mwenye miwani ya mguu mmoja. Upande wa pili aliufunga kwa uzi sikioni.

"Imetoka wapi?" akauliza.

"Dar. Imepanda leo asubuhi."

"Imetoka joto la Mombo ikaingia baridi ya Soni, nawe unaitia mkanda mdomoni. Imetoka jasho tumboni. Ifunike kama mzazi."

Nikaifunga blanketi, nikaiweka hatua tatu kutoka kwenye jiko la mkaa. Adhuhuri ikaula mkanda bila maneno. Tangu siku ile Kibwana akawa mwalimu wangu. Alinifundisha kusafisha kichwa cha deki kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, pole pole, bila kupuliza, maana mate ni sumu. Alinifundisha kuweka mikanda ndani ya debe lenye mchele mkavu, kwa sababu ukungu wa milima hii haukai nje tu, unaingia hata kwenye kasha ukaota weupe kama wa mkate uliolala. Deki ikitafuna mkanda, usivute. Fungua, toa, kata palipokunjika, unga kwa selotepu, na waambie watazamaji kwamba kipande hicho serikali ya Uchina ilikikata yenyewe.

Nimesema Uchina. Mikanda yote ya Baba Asha ilikuwa ya Kichina, na si ya mateke. Ilikuwa ya vita vya kale, kabla bunduki haijazaliwa. Majenerali wenye ndevu za kufagilia uwanja. Farasi mpaka unahisi vumbi puani. Bendera, ngome, mito, na wazee wenye kofia za ajabu wakinywa chai juu ya ramani huku watu elfu wanakufa huko chini. Vijana wa mwanzo walinuna. "Mama Asha, mbona hakuna mateke?" Wakanihama, wakaenda kwa mwenzangu wa Lushoto mjini aliyekuwa na mateke ya kutosha.

Waliobaki ni wacheza bao. Kibaraza cha Kibwana kilikuwa na ubao wa bao tangu sijaolewa, na wale wazee walikuwa wakibishana juu ya kete moja hadi chai inapoa. Siku walipoingia kwangu, wakaona jenerali anaacha kilima makusudi ili adui akipande apate kiu huko juu, wote walitoa mguno mmoja kama watu walioonja mchuzi. Sikuelewa. Kibwana ndiye aliyenielewesha.

"Kwenye mateke," akasema, "mtu mmoja anapiga arobaini. Hilo ni tusi kwa mcheza bao. Hapa anayeshinda ni aliyehesabu. Sisi hatutazami ngumi, Mama Asha. Tunatazama nani amebakiwa na nini."

Mikanda ile ilizungumza Kichina, na chini yalipita maandishi ya Kiingereza mbio kama panya. Mimi sijui hiki wala kile. Nikachukua fimbo, nikasimama kando ya televisheni, nikawa naeleza. Nilisoma nyuso. Mtu anayemdanganya mkubwa wake ana uso uleule, awe Uchina awe Soni. Anayemwonea wivu mwenzake pia. Majina niliwapa ya kwangu: Kidevu, Mama Mkwe, Yule wa Kikohozi. Hakuna aliyelalamika, na wapo waliosema mikanda yangu ni mizuri kuliko ya Lushoto kwa kuwa ina Kiswahili.

Sinema ikiisha wale wazee hawakutawanyika. Walitaka kupigana tena vita waliyoiona, kila mtu akidai angefanya vizuri kuliko yule mwenye ndevu. Kibwana akaleta meza ya kupimia viazi. Vilima ni viazi mbatata. Liki, hivi vitunguu vya majani marefu, zikilazwa kwa urefu ni mto. Kabichi ikikatwa nusu, ikachimbwa ndani na kutobolewa upande mmoja, ni ngome yenye lango. Askari wa miguu ni maharage, yanatembea urefu wa kidole. Farasi ni punje za mahindi, zinakwenda shibiri nzima. Anayezingirwa pande tatu ametekwa. Jenerali ni komwe moja kubwa ya bao. Akitekwa, vita imekwisha. Na jenerali wako akifanikiwa kuingia kwenye kabichi ya mwenzako, vita pia imekwisha, hata kama nje umebakiwa na harage moja lenye tobo.

Kulikuwa na kanuni moja juu ya zote. Kibwana aliiandika kwa chaki ukutani: KILICHOTOKEA KWENYE MKANDA KINARUHUSIWA MEZANI. AMBACHO HAKIKUTOKEA HAKIRUHUSIWI. Mtu akitaka kuvusha farasi kwenye liki, anaulizwa, ilitokea? Akisema ilitokea, mimi narudisha mkanda nyuma tunaangalia. Siku nyingine nilirudisha mara kumi, mpaka deki ikanuka. Kuna muuza karoti mmoja aliyetaka kunguru waje wabebe maharage ya adui. Tulitafuta kunguru mikanda yote ya debe, wiki nzima, hawakupatikana. Akakasirika akaenda kula makande yake nje.

Mwenye nyumba yangu alikuwa Mzee Hoza wa Mlola. Huyu mjueni vizuri. Mrefu, mkavu, kofia nyeupe, fimbo ya mkwaju, na mkali wa bao ambaye watu wa huku walikuwa wakimwona anakuja wanakumbuka shughuli zao. Alishuka kila siku ya gulio na kukaa mstari wa mbele. Alidharau majenerali wote wa Uchina. "Huyo naye," alikuwa akisema, "simpi hata ng'ombe wangu achunge." Lakini hakukosa hata mkanda mmoja.

Sasa nifike kwenye mkanda wenyewe. Baba Asha aliuleta peke yake safari nyingine, hadithi ndefu iliyogawanywa kwenye kaseti mbili. Picha za juu ya makasha zilikuwa zilezile, mzee mwenye ndevu nyeupe juu ya farasi mweusi. Tofauti ilikuwa alama moja ya Kichina pembeni. Kaseti moja ilikuwa na mstari uliolala na kitu kinachochomoza kwenda juu, kama mche umetoka ardhini. Nyingine ilikuwa na mstari uliolala na kitu kinachoshuka chini, kama mzizi. Kwa hiyo ipi kwanza? Nimepanda maharage tangu nina miaka sita. Ukifukua mbegu siku ya tatu, kilichotoka ni mzizi. Mche unafuata. Nikaanza na ya mzizi wala sikumuuliza mtu.

Siku ya kwanza basi, tukaonyeshwa jenerali mzee, jicho moja limefungwa kitambaa, anachechemea. Watu wakampenda papo hapo. Mwisho mshale ukampata mtoni. Askari wake wakamlaza juu ya ngao, wakavaa nguo nyeupe, wakamsukuma mtoni aelee huku wanalia. Adui wakafungua malango ya ngome, wakapiga ngoma, wakanywa. Maandishi yakapanda, mkanda ukaisha. Mnajua kanuni yetu ya zamani, stelingi hafi. Na huyu alikuwa amekufa mbele ya macho yetu, tena kazikwa majini. Mama mmoja muuza peasi alijifuta macho kwa upande wa kanga. Mzee Hoza aliondoka bila kuaga.

Kesho yake, ingawa si siku ya gulio, walirudi wote, nikaweka ya mche. Majina yakapita kwanza, marefu. Nikasema wenzetu huweka majina katikati ili watu wapumzike. Kisha mlima, kisha farasi mweusi, kisha juu ya farasi, mzee mwenye ndevu nyeupe. Mzima. Macho mawili.

Chumba kilipasuka kelele.

"Si alikufa jana?" muuza peasi akaniuliza.

Nilikuwa na fimbo mkononi na watu sitini wananitazama. Ningesema nini? Nikasema, "Alijifanya."

"Na jicho?"

"Limepona. Uchina kuna dawa."

"Hata kwetu Mlola yupo mzee anatibu macho," akasema mtu wa nyuma, na hilo likaisha hapo.

Mzee Hoza alisimama wima, fimbo juu, akaziba nusu ya televisheni. "Nilijua mimi," akasema. "Jana sikulala, lakini nilijua. Amejifanya kufa ili wafungue malango." Na kweli, kabla mkanda haujaisha yule jenerali alishuka mlima, akaikuta ngome malango wazi, akaingia. Watu walitoka pale wanakumbatiana. Nimeonyesha mikanda mingi maishani, sijaona tena furaha ya namna ile. Mtu akirudi kutoka kwa wafu na jicho jipya, mbatata zote za gulio zinaonekana tamu.

Gulio lililofuata Mzee Hoza alinifuata asubuhi, kabla sijawasha kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama Asha, kuna wafanyabiashara wa Mombo wanataka ghala la viazi. Mwisho wa mwezi nipe ufunguo."

Wakati ule kila mtu Soni alikuwa anafungua duka. Vyumba vyenye umeme vilikwisha kabla havijajengwa. Bila kile chumba televisheni ingerudi kwangu juu, ikawa kabati la kuwekea vikombe, nami ningerudi kwenye jembe. Jembe silidharau, limenilea. Lakini nilikuwa nimeshaonja kusimama na fimbo nikiwaambia watu sitini nini kinatokea duniani.

"Baba, na hawa watu wako wa mstari wa mbele?"

"Viazi havipigi kelele."

"Wala havikuonyeshi jenerali aliyefufuka."

Hapo akasita. Nikaona macho yake yanakwenda mezani, kwenye kabichi ya jana iliyoanza kunyauka. Mcheza bao ni mgonjwa, na ugonjwa wake hauna kliniki.

"Sikiliza," akasema. "Tupigane. Ukinishinda, chumba ni chako mradi mimi ni hai. Nikikushinda, unanipa ufunguo leo."

"Kibwana atacheza nawe."

"Kibwana si mpangaji wangu. Mpangaji ni wewe. Cheza wewe."

Alijua anachofanya. Mwanamke alikuwa hakai kwenye bao mbele ya watu, na mimi sikuwa nimewahi kusogeza hata harage. Lakini alisahau kwamba kila vita iliyopiganwa pale nilikuwa nimesimama futi mbili kutoka mezani, nimeshika rimoti, nangoja kuambiwa rudisha. Nilikuwa nimeyaona makosa ya wanaume wote wa Soni, tena bila mimi kuhangaika kufanya ya kwangu.

Nikaomba nichague maharage yangu mwenyewe. Nikaenda nayo kwenye jiko, nikachagua moja jekundu lililonona, nikalipaka masizi tumboni. Nikamwita Kibwana pembeni nikamwonyesha. "Huyu ndiye mzee mwenyewe. Yule komwe amevaa nguo zake tu. Inaruhusiwa?"

Kibwana aliangalia harage, akaangalia ukuta, akaangalia harage. Miwani ikamdondoka sikioni. "Ilitokea kwenye mkanda," akasema kwa sauti ndogo. "Inaruhusiwa. Mungu akusaidie, Mama Asha."

Habari ilienea gulio zima. Waliacha karoti chini. Wanawake wenzangu walijaa mlangoni, na muuza peasi alipanda juu ya debe lake. Mimi na Mzee Hoza tukaketi, kabichi kwa kabichi.

Nikacheza vibaya. Nawaambia ukweli, kucheza vibaya kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kucheza vizuri. Komwe yangu niliivusha mto na farasi wachache, nikaipeleka kushoto nyuma ya viazi viwili, mahali ambapo hata mtoto asingempeleka mbuzi. Wanaume wakaguna. Mmoja akasema, "Mpeni kiti cha jikoni." Mzee Hoza akaanza kutoa watu ngomeni, watano, kumi, wakimfukuza komwe. Huku upande wa kulia, kwenye ukingo wa meza, harage langu moja lilikuwa linatembea. Kidole kimoja. Zamu mbili nasogeza vingine, halafu kidole kimoja tena.

"Hilo harage lako limepotea," akasema.

"Liache lizurure, baba. Halina akili."

Akacheka. Akatoa walinzi wa mwisho wa lango ili afunge upande wa tatu wa komwe yangu. Akaifunga. Akaiokota kwa vidole viwili, akainua juu watu waione, akasimama, akanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

Muuza peasi alishuka kwenye debe.

"Kaa, baba," nikasema. "Ni zamu yangu."

"Zamu ya nini? Jenerali wako huyu hapa mkononi."

"Huyo alikuwa amevaa nguo zake tu." Nikaligeuza harage langu, lililokuwa limesimama mbele ya lango lake lililo wazi. Tumbo jeusi. "Mwenyewe ni huyu."

Sitaandika yaliyosemwa dakika zile, nina wajukuu wanaojua kusoma. Kwa ufupi aliniita mwizi, na wengine wakaniita zaidi ya hapo. Kibwana akagonga meza mpaka vilima vikaviringika.

"Alinionyesha kabla ya vita," akasema. "Sasa someni ukuta. Ilitokea kwenye mkanda, haikutokea?"

Akamgeukia mwenye nyumba wangu.

"Mzee Hoza. Juzi aliyesimama hapa na fimbo akasema 'nilijua mimi, amejifanya kufa' alikuwa nani? Alikuwa kaka yako?"

Mzee Hoza alikaa. Aliangalia komwe mkononi mwake kama mtu aliyenunua saa mbovu. Kisha akaangalia lango. Mimi nikanyoosha kidole kimoja, nikalisukuma harage ndani ya kabichi.

Vigelegele vile vilisikika mpaka kwenye maporomoko ya maji, na waliokuwa kule walidhani kuna harusi. Niliinuliwa. Niligonga kichwa kwenye taa. Mtu aliila ile kabichi mbichi, na mpaka leo hajajitaja. Mzee Hoza alingoja kelele zipungue, akavaa kofia yake sawasawa.

"Mama Asha, umenizika mchana kweupe," akasema. "Chumba kaa nacho." Na neno lake alilitunza. Hao wafanyabiashara wa Mombo walivitafutia viazi vyao pengine pa kulala.

Nilikaa nacho. Tulivuka kutoka mikanda kwenda sidii, kutoka sidii kwenda madishi, na kila kilipokuja kitu kipya walisema Mama Asha kwisha, na kila mara nilijifunza waya unaingia wapi. Kibwana alitutangulia, Mungu amrehemu. Bisibisi yake ndogo ninayo, na Zuhura haruhusiwi kufungulia nayo makopo. Maandishi yake ya chaki yapo bado nyuma ya kabati. Sikuyapaka rangi.

Sasa siku ya kuniaga. Zuhura akaniandalia jambo la kunishtua. Alikuwa amezitafuta zile picha za zamani mpaka akampata mtu Dar es Salaam mwenye ile hadithi ya jenerali mwenye ndevu nyeupe, yote kwa mfululizo, kwenye flashi, tena imewekewa Kiswahili. Akaalika watu. Akamleta Mzee Hoza kwa gari kutoka Mlola, mzee sasa amejikunja kama ndoano lakini kofia ni ileile nyeupe. Tulimweka mstari wa mbele, mimi pembeni yake.

Majina yakapita. Mlima. Farasi mweusi. Jenerali akatokea, macho mawili. Nikasema moyoni, huyu Zuhura ameanza na sehemu ya pili. Jenerali akashuka, akakuta malango wazi kwa sababu ya sikukuu yao huko, akaingia. Picha haikukatika, ikaendelea. Ikafuata vita, kipande ambacho kaseti zangu hazikuwa nacho, mkuki ukamchoma jicho.

Mzee Hoza akageuza shingo pole pole. "Jicho," akasema.

"Nimeliona, baba."

"Si lilipona?"

Nilianza kuhisi jasho la deki, lile la tumboni. Jenerali akafungwa kitambaa. Akachechemea. Akafika mtoni. Mshale. Ngao. Nguo nyeupe. Akaelea. Maandishi yakapanda, Zuhura akawasha taa, watu wakapiga makofi.

"Mama Asha."

"Abee, baba."

"Amekufa."

"Amekufa."

"Na hakurudi."

"Naona hakurudi."

"Basi chumba changu."

Nikaenda kabatini, nikazitoa kaseti mbili kutoka kwenye debe la mchele. Zuhura akazipiga picha kwa simu yake, simu ikamwambia kwamba ile ya mche ni juu, ndiyo sehemu ya kwanza, na ile ya mzizi ni chini, ndiyo ya pili. Nikamweleza Mzee Hoza nilivyowaza siku ile. Alizishika zote mbili, akazigeuza.

"Mbegu hutoa mzizi kwanza," akasema.

"Si ndiyo, baba?"

"Hata mimi ningeanza na mzizi. Wachina ndio waliokosea." Akanirudishia. "Lakini ukuta umesema ambacho hakikutokea hakiruhusiwi. Ile vita nilishinda mimi. Naidai, tangu nywele zangu ni nyeusi."

Zuhura alipauka. Yeye ndiye niliyemkabidhi rimoti, na moyo wake umeshikamana na kile chumba kuliko wangu. Akaanza kusema maneno ya mikataba. Nikamnyamazisha kwa mkono, kwa sababu nilikuwa nimeyaona macho ya mzee. Hayakuwa kwangu wala kwa Zuhura. Yalikuwa yanatafuta meza.

"Marudiano, baba?"

"Kesho, baada ya adhuhuri," akasema haraka, kabla sijamaliza neno. "Chumba kilekile. Na masizi ni marufuku."

"Marufuku."

Tukapigana, basi. Kabichi mpya, liki mpya, watu mpaka dirishani, wengi wao hawajui hata harage linakwenda wapi. Zuhura alisimama nyuma yangu anatafuna kucha. Nilimpa mzee bakuli langu ayakague maharage yote kabla. Aliyageuza moja moja, akayanusa. Safi. Hakuridhika. Kila harage langu lililosogea ukingoni mwa meza, alitoa askari wawili kulilinda lango. Nikasogeza lingine upande wa pili, akatoa wawili wengine. Hakuna hata moja lililokuwa na kitu. Yalikuwa maharage tu, ya kupika. Huku katikati nikamshusha komwe wangu waziwazi, mbele ya macho yake, na farasi wote nyuma. Alikuwa na watu kumi na wanne langoni wanakodolea maharage mawili. Komwe yake ilibaki na walinzi watatu. Nikaizingira mtoni, upande, upande, upande.

Zuhura alipiga yowe mpaka mbwa wa barabarani wakajibu. Mzee Hoza hakusikia. Alikuwa ameinama, anageuza maharage yangu upya, lile la kushoto, lile la kulia, halafu yote.

"Liko wapi?"

"Halipo, baba."

"La masizi. Liko wapi?"

"Halipo. Si ulikataza?"

Akayaweka maharage chini. Kisha mabega yakaanza kutikisika, kofia ikaanguka kwenye mto wa liki, na akacheka mpaka tukamletea maji. "Binti," akamwambia Zuhura alipopata pumzi, "kaa na chumba. Mimi siwezi na ukoo huu."

Kwa hiyo wanangu, safisheni kichwa cha deki hata kama sasa hakiitwi hivyo, ukungu ni uleule. Andikeni namba kwenye vitu vyenu, moja na mbili, kwa maandishi mnayoyajua. Na ukisimama mbele ya watu na fimbo, ukaulizwa usilolijua, jibu haraka, lakini kumbuka ulichojibu.

Zuhura alimsindikiza mzee hadi kwenye gari. Mimi nilibaki mlangoni, magoti hayataki. Niliona mzee ameondoka na harage langu moja. Alikuwa amelishika kati ya vidole, ameliinua kwenye mwanga wa dirisha la gari, analigeuza tumbo, analigeuza mgongo, mpaka wakapotea kwenye kona.